Kibindo cha Mzee Mgovano

Mzee Vitus Mgovano aliingia kwenye maabara ya Eufrasia Tawete asubuhi ya harusi ya Osmunda, bintiye Eufrasia, akiwa amevaa suti nyeusi, tai nyekundu, na kandambili.

"Mtani," alisema, akiegemea meza, "nimekuja kukagua kama mmeoga. Tumesikia leo Wangoni mnaoza binti, tukasema tuwahi mapema, maana nyinyi na maji hamjawahi kupatana."

"Na viatu viko wapi?" Eufrasia alimuuliza bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Au mwenyewe aliyekuazima kavifuata?"

"Vimenikataa. Miguu imenenepa. Nikasema, kwa Wangoni nani atanitazama miguu?"

Eufrasia akacheka mpaka miwani ikamteremka puani. Mgeni wa Mkwinda angedhani wanagombana, lakini pale mjini hata watoto wa chekechea walijua habari ya watani hawa. Babu zao, Wangoni na Wahehe, walipigana vita mpaka wakachoka wote, na vita ilipokwisha mdomo ukabaki. Mtani akikutukana humkasirikii. Akibeba kuku wako humshtaki. Unamuuliza anataka komboleo gani, unampa, kuku anarudi, mnamla pamoja. Eufrasia na Mzee Mgovano walikuwa wameuendeleza mchezo huo kwa miaka mingi kiasi kwamba siku wasipotukanana waliona wamepungukiwa kitu.

"Haya, pandisha shati nikione," alisema Eufrasia.

Kilikuwa pale kiunoni, chini ya ngozi, ukubwa wa kokwa la parachichi, na taa yake ya kijani ikipenya ngozi taratibu. Wanawake wa sokoni ndio waliokipa jina la kibindo, kwa kuwa kilikaa hapo hapo wanapofutika vitu vyao vya thamani. Jina la kitaalamu lilikuwa refu, na hata Eufrasia aliyekibuni alikuwa amekwisha kulisahau nusu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Juu ya kila figo ya binadamu kuna tezi ndogo imekaa kama kofia, na tezi hizo mbili hutoa kotisoli, homoni inayomwinua mtu kitandani asubuhi, inayomshikilia anapougua, inayompa mbio akifukuzwa na ng'ombe. Ikipungua, mwili unalegea mpaka mtu anaweza kufa. Ikizidi, uso unajaa, sukari inapanda, usingizi unakimbia, na moyo unabaki na kero usiyojua imetoka wapi. Kibindo kilikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kotisoli, kwa wale ambao tezi zao zimelala kwa kutumia dawa za steroidi miaka mingi. Wa pili ulikuwa wa kizuizi.

Wanafunzi wake Eufrasia aliwafundisha kwa mfano wa ukumbi. Kotisoli ni mgeni, na ndani ya mwili kuna viti vyake. Mgeni akikaa kitini, kazi inaanza. Kizuizi huingia mapema, kikakalia viti vile vile, kikanyamaza. Mgeni yupo, anazunguka ukumbi mzima, lakini hana pa kukaa.

Mzee Mgovano alitumia mfuko wa pili tu. Tezi yake moja ilikuwa na kivimbe kilichotoa kotisoli bila kipimo, na kibindo aliwekewa mwaka ule ule aliofiwa na mkewe, Bi Sekinyaga. Kizuizi kikayatuliza madhara ya kivimbe. Kumbe kikaituliza na huzuni. Mzee aliyekuwa anakesha akihesabu maboriti ya dari akaanza kulala, akaanza kula, akarudi barabarani na matusi yake mapya kwa Wangoni, na mji mzima ukafurahi kumpata tena.

"Leo nipandishie mpaka alama ya mwisho," alisema.

Eufrasia akamtazama. "Kwa nini leo?"

"Harusini kuna nyimbo."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mkwinda yote ilikuwa imeolewa na kuoa kwa sauti za watu wawili hao: Bi Sekinyaga alianzisha, mumewe akaitikia. Tangu afiwe hakuwa ameimba hata mstari, na kwenye harusi alikaa mbali na wapiga ngoma.

Sheria ilisema kibindo hufunguka kwa kidole cha mwenyewe na neno la mwenyewe, basi. Eufrasia ndiye aliyeipigania sheria hiyo. Halmashauri ilipomtaka atengeneze ufunguo mkuu, wa kutumiwa na wakubwa siku ya dharura, alitoka kwenye kikao bila hata kunywa chai yao. Kibindo ni mwili wa mtu, aliwaambia, na mwili wa mtu hauwekewi ufunguo wa akiba. Kwa hiyo sasa alikijaza, Mzee akaweka kidole, akasema "mwisho", na taa ikabaki ya kijani.

"Umekula lakini?"

"Sina hamu. Tangu juzi hata harufu ya nyama inanichafua roho."

"Mhehe kakataa nyama!" Eufrasia alipiga kofi. "Basi dunia imekwisha. Ngoja nikawaambie wapishi waokoe mbuzi wawili."

Wakacheka wote. Mzee akatoka akishikashika ukingo wa meza, kisha ukuta, kisha mlango, na Eufrasia akasema moyoni, mtazame anavyojifanya kikongwe ili apewe kiti cha mbele.

* * *

Gari la maharusi lilikuwa refu, jeupe, halina dereva, na lilikuwa na adabu kupita watu wengi wa Mkwinda. Lilipofika kwenye kona ya kiwanda cha maziwa likasimama lenyewe.

"Naomba njia, tafadhali," likasema.

Mzee Mgovano alikuwa amelala barabarani, suti na tai yake, mikono kifuani, kandambili zimetazama mawinguni.

Vigelegele vikapasuka. Hili ndilo watu walilokuwa wanalisubiri tangu kanisani. Harusi ya Mngoni ambayo Mhehe hakuifungia njia, hiyo ni harusi au kikao?

"Binti hapiti," Mzee alisema akiwa amefumba macho. "Njia hii ni ya Wahehe. Leteni komboleo."

Wakamletea jogoo mwekundu. Akafumbua jicho moja. "Huyu ana mafua."

Wakamletea mtungi wa pombe ya komoni. "Hiyo ya kusukutulia."

Kisha akanyamaza. Watu wakangoja tusi linalofuata. Halikuja.

"Anataka mbuzi!" mtu akapiga kelele, na mbuzi akaletwa akiburutwa kwa kamba, akilalamika njia nzima. Mzee hakujibu. Shangazi za bibi harusi wakaona mchezo umenoga. Wakavua kanga, wakamfunika, wakaketi kumzunguka na kuangua kilio cha uongo. "Uwiii, marehemu alikuwa mlafi! Uwiii, nani atamaliza pilau letu!" Hata bwana harusi, kijana Kasiani, aliyekuwa amekaza uso tangu madhabahuni, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Naomba njia, tafadhali," gari likarudia.

Eufrasia akapiga magoti kumnong'oneza mtani wake tusi alilolitunza wiki nzima. Mkono wake ukagusa paji la uso. Lilikuwa baridi, limelowa.

"Mtani. Inuka, mchezo umetosha."

Mzee akafumbua macho. Ilimchukua muda kumwona. "Nimechoka, Mama Osmunda," alisema.

Hapo ndipo Eufrasia alipojua kwamba si mchezo. Miaka yote hiyo alikuwa amemwita mateka, mkimbizi, mla panzi, mke wa kutekwa. Mama Osmunda hakuwahi kumwita hata siku moja.

Akafunua kanga. Kandambili moja ilikuwa imechomoka. Akaubonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Akashika mshipa wa mkono: ulikuwa mwembamba, unakimbia. Akapandisha shati. Taa ilikuwa ya kijani. Kibindo kikasema kwa ile sauti tamu aliyoichagua yeye mwenyewe, baada ya kusikiliza sauti kumi na kuzikataa, "Mwenye mwili yuko salama."

"Si unaona, mama," Kasiani alisema akiwa ameinama pembeni yake. "Taa ni ya kijani."

"Taa ni jinga," alisema Eufrasia. "Na mimi niliyeitengeneza."

Maana ilikuwa inapima kotisoli iliyomo kwenye damu, na kotisoli ilikuwepo tele. Ukumbi ulijaa wageni mpaka milangoni, wote wamesimama. Kizuizi kilikuwa kimekalia viti vyote. Ubongo, kwa kuwa hausikii kazi yoyote ikifanyika, ukawa unaagiza wengine, na wengine tena. Wale waliokosa pa kukaa wakaenda kubisha nyumba ya pili, kwenye viti vya homoni inayosimamia chumvi na maji, ndiyo maana miguu ikavimba na misuli ikakosa nguvu. Halafu pengine homa ndogo ilimwingia juzi, kitu ambacho mwili wenye kotisoli inayofanya kazi ungekimaliza kimya kimya. Wa kwake haukuwa nayo. Kwa kipimo alikuwa tajiri, kwa mwili alikuwa mkata. Na ishara zote alizitaja mwenyewe asubuhi, akiegemea meza, na yeye Eufrasia akazicheka moja baada ya nyingine.

Kwenye mkoba alikuwa na sindano ya dharura, deksamethasoni, steroidi yenye ubishi kuliko kotisoli, ambayo ikiingia kwa wingi inaweza kukisukuma kizuizi na kukaa kwa nguvu. Akaitoa.

"Mzee, nataka kukuchoma sindano. Na uweke kidole, nizime kizuizi."

"Hapana."

"Utakufa hapa barabarani."

"Usinirudishe kule kwenye kukesha," Mzee alisema. Alikuwa anatabasamu. "Niko raha. Niache hivi hivi."

Eufrasia alibaki na sindano mkononi, na kilio cha uongo kikiendelea kumzunguka. Mtu mzima alikuwa amesema hapana, tena mara mbili. Sheria ilikuwa upande wa mzee, na sheria yenyewe aliipigania Eufrasia. Lakini nani alikuwa amesema? Vitus Mgovano, aliyejua anachokataa, au ubongo uliokosa sukari na kulewa utulivu? Angempa nani sikio? Hakujua. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba hakujua, na kwamba angeweza kuishi miaka mingine mingi bila kujua. Akijiambia kuwa anayesema ni ugonjwa, basi kesho mkubwa yeyote angejiambia vivyo hivyo juu ya mtu yeyote. Akimtii, angemzika mtani wake siku ya harusi ya mwanawe kwa sababu ya adabu.

Akasimama.

"Jamani, mashahidi!" alipaza sauti. "Mhehe huyu kafunga njia ya mwanangu! Jogoo kamkataa, komoni kaidharau! Basi nimemteka! Kuanzia sasa ni mali yangu, yeye na suti yake, mpaka alipe komboleo!"

Watu wakalipuka kwa shangwe. Eufrasia akapiga magoti, akamchoma sindano pajani, suruali na yote. Osmunda tu, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani, ndiye aliyeuona uso wa mama yake, na akaacha kucheka.

Bibi harusi akashuka mwenyewe. "Mwekeni humu," alisema. Wakamlaza Mzee kwenye viti vyeupe katikati ya maua, Eufrasia akaingia naye, na gari likaomba njia kwa adabu mpaka zahanati. Osmunda akaenda ukumbini kwa miguu, viatu mkononi, shela likizoa vumbi, na mji mzima nyuma yake ukiimba. Mpaka leo wanawake wa Mkwinda hawaihesabu kuwa harusi kamili kama bibi harusi hakutembea walau kipande.

* * *

Kesho yake alasiri Mzee alikuwa ameketi kitandani, maji ya chumvi na sukari yakimshukia mkononi pamoja na steroidi ya kukisukuma kizuizi, na amenuna.

"Nilisema hapana."

"Nilisikia," alisema Eufrasia.

"Ulinichoma kwa haki gani?"

"Ya utani."

"Utani ni wa kuku na kofia. Si wa mwili."

Eufrasia akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliona aibu, na papo hapo alikuwa na furaha ya kumsikia mtu huyu akigomba. "Ni kweli," alisema. "Si wa mwili."

Mzee akageukia dirisha. "Leo nimeamka nikapapasa pembeni kitandani. Unajua ni lini nilipapasa mara ya mwisho? Nilisahau kabisa kwamba upande ule una mtu wake." Akanyoosha shuka. "Sasa sikiliza. Mateka ana haki ya kukombolewa. Taja unachotaka, nilipe, uondoe dawa hii, unirudishie alama yangu ya mwisho. Ukikataa, wewe si mtani wangu tena. Wewe ni halmashauri."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu halmashauri ilikuwa imempigia simu jioni ya harusi. Umeona sasa, mama, walimwambia kwa upole, ungekuwepo ufunguo mkuu yasingetokea haya. Aliwajibu atafikiri, na kweli, mzee alipokwisha kutulia, alifikiri usiku mzima ukumbini huku akicheza. Alichokipata kilikuwa kidogo, lakini alikishika. Mtani anakunyang'anya leo, kesho anyang'anywe yeye, na kila mara kuna komboleo. Mwenye ufunguo mkuu nani atamnyang'anya? Nani atamdai chochote?

"Haya," alisema. "Komboleo ni wimbo."

Mzee akageuka polepole.

"Ule wa bibi harusi akirudi kwao kusalimu. Osmunda atakuja mwezi ujao. Uuimbe mbele yangu, wote, huku kizuizi kikiwa alama ya chini ya kuyabana madhara ya kivimbe tu. Ukimaliza, weka kidole popote unapotaka, hata mwisho. Sitasema neno, ila utakuja nikupime kila asubuhi na kukutukana."

"Wewe mwanamke ni katili."

"Mngoni."

"Bora ungedai ng'ombe," alisema Mzee, na akajifunika shuka mpaka kichwani.

Mwezi huo Eufrasia aliibadilisha taa. Kwa wenye kizuizi, kibindo hakikuishia tena kwenye damu. Kila asubuhi kiliuliza kwa sauti: umekula? umesimama bila kushika kitu? Jibu likiwa baya kilimwita mtu ambaye mwenye mwili alimchagua mwenyewe akiwa mzima, na mtu huyo ndiye aliyeruhusiwa kuleta sindano. Sharti lilikuwa moja. Unayemchagua lazima naye akuchague wewe uwe mwenye kumwamulia akizidiwa, kwa ugonjwa wake wowote. Ufunguo mkuu hakuutengeneza, na chai ya halmashauri safari hii aliinywa yote.

* * *

Siku Osmunda aliyorudi kusalimu, Mzee Mgovano alikuja amevaa viatu. Alikuwa amekonda uso, na macho yalikuwa ya mtu anayelala kidogo. Hakumtukana mtu. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Eufrasia, karibu na mafiga, akamwomba Osmunda asimame mlangoni kama desturi ilivyo.

Kisha akangoja. Watu wakadhani amesahau. Kumbe ule wimbo unaanzishwa na mwanamke, na mwanamume huitikia. Mzee aliuacha mstari wa mkewe upite wote, kimya, midomo ikifuata, na ulipofika mwisho akaitikia kwa sauti nzito yenye kutu: "Umerudi na nani, mwanetu? Mlango ni ule ule."

Akanyamaza tena, mstari mwingine ukapita usiosikika. Akaitikia. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta, kama mtu aliyekwisha kukubali kulowa na mvua. Kwenye ubeti wa tatu Osmunda akashindwa kuvumilia ule ukimya. Akauchukua mstari wa Bi Sekinyaga yeye, nusu ya maneno kayakosea, sauti juu mno. Mzee akashtuka, akamtazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi, na akaitikia. Wakaenda hivyo mpaka mwisho.

Eufrasia alikuwa analia pia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaleta kioo cha kupangia alama, akakiweka magotini pa mzee. Ahadi ni ahadi. Mstari wa alama uliwaka kutoka chini mpaka juu.

Mzee akaweka kidole juu kabisa. Akakiacha pale. Kisha akakishusha, taratibu, mpaka chini ya katikati.

"Hapa," alisema.

"Hapo ni chini ya nusu, Mzee."

"Kusoma najua. Hapa nalala kidogo, na bado namsikia anapoanzisha." Akapenga kamasi. "Na kwenye ile sehemu ya kuchagua mtu, niandike wewe. Na wewe uniandike mimi. Siku ukianza wazimu wako wa Kingoni, nije na sindano kubwa kuliko ile."

"Nimekuandika tangu wiki iliyopita."

"Hata kuuliza hukuuliza." Akasimama, bila kushika kitu. "Haya, komboleo nimelipa. Sasa na langu. Yule jogoo mwekundu wa barabarani, niliyeletewa mbele ya mashahidi, yuko wapi?"

Osmunda akatazama chini.

"Tulimla," alisema Eufrasia. "Siku ile ile. Wewe si ulisema ana mafua?"

"Mmemla jogoo wangu nikiwa mahututi?" Mzee aliunguruma. Mishipa ya shingo ilimsimama na mashavu yakampanda damu. Haukuwa utani, alikuwa amekasirika kabisa, hasira ya moto ya mtu mzima aliyedhulumiwa kuku wake. Eufrasia alimtazama akigomba, akasikia raha ambayo hata siku ya harusi hakuipata, na akatoka uani kumkamatia jogoo mwingine.